Deni la Daktari: Chuo cha Serikali au cha Binafsi?

Kila mwaka, yatokapo majibu ya mtihani wa Kidato cha Sita, majumba mengi ya pwani huingia mashaurini. Mtoto amefuzu Fizikia, Kemia na Bayolojia, na tangu yu mdogo amekuwa akisema kwamba ataka kuwa daktari. Chuo cha serikali, ambacho nafasi zake ni chache na wazitakao ni wengi, hakikumchukua. Chuo cha binafsi kimemkubali, lakini karatasi ya ada ikisomwa sebuleni watu hunyamaza. Ada yenyewe ni mara kadhaa ya ile ya serikali, na ni ya miaka mitano, mbali na vitabu, chakula na chumba cha kukaa. Hapo ndipo maneno huanza. Liuzwe shamba? Ikakopwe benki? Au kijana aambiwe asubiri mwaka mwingine ajaribu tena?

Aghalabu watu huulizana ni chuo kipi chenye walimu bora, kipi chenye jina, na kipi kitampatia mtoto kazi upesi. Ni masuala ya haki, wala hatuyadharau. Lakini lipo suala jingine ambalo lampasa Muislamu alitangulize, nalo ni hili: fedha itakayomsomesha mtoto huyu ni ya nani, na akishakuwa daktari atakuwa na deni kwa nani?

Tuanze na chuo cha serikali, kwani wengi hudhani kwamba huko husomwa bure au karibu na bure. Nchi hii ilipopata uhuru haikuwa na madaktari. Mwalimu Nyerere alikuwa akikumbusha, hata baada ya kung'atuka, kwamba Waingereza walituachia madaktari 12. Skuli ya udaktari ya Dar es Salaam ilifunguliwa mwaka 1963, ikawa kitivo cha chuo kikuu mwaka 1968, mwaka 1991 ikawa chuo kishiriki cha Muhimbili, na mwaka 2007 ikasimama kuwa chuo kikuu kwa nafsi yake. Katika miaka yote hiyo kulikuwa na mtu wa kulipa. Mvuvi wa Kilwa anunuapo mafuta ya mashine ya mashua yake, mama wa Pangani anunuapo sukari ya kupikia vitumbua, mkulima wa korosho wa Newala akatwapo ushuru ghalani, wote hao hutia chao ndani ya mfuko ule ule. Wengi wao hawana mtoto aliyefika hata Kidato cha Nne. Wamemsomesha mtoto wa mtu wasiyemjua, kwa kutaraji kwamba siku mmoja wao atakapoletwa hospitali usiku na uchungu wa uzazi atamkuta mtu wa kumpokea.

Basi kijana aliyetoka chuo cha serikali akasema, "Nimesoma kwa akili yangu," amesema nusu ya maneno. Akili aliipewa na Mola wake, na ada alilipiwa na watu wa kandambili.

Kuna jambo moja hapa ambalo hatuna budi kulitaja ijapokuwa lachoma. Wako wazazi wenye maduka na magari ambao, ifikapo wakati wa kujaza fomu za mkopo wa serikali, hujiandika mafukara. Tumesikia hata ya baba yu hai, asali safu ya mbele, na katika fomu mwanawe kaandikwa yatima kwa sababu yatima hutangulizwa. Fungu lile ni la mtu. Lipo kwa ajili ya kijana wa Mafia au wa Micheweni ambaye baba yake kweli amekufa, naye hatalipata kwa sababu limekwisha. Mali ya yatima na onyo lake kila mtoto wa chuoni hulijua tangu akiwa na juzuu ya kwanza. Sijui ni kwa hila gani mtu mzima hulisahau mbele ya fomu ya serikali.

Twaja kwenye vyuo vya binafsi. Hivi kwetu si vya zamani. Sheria ya mwaka 1977 iliizuia Tanzania Bara kuwa na hospitali za watu binafsi za kutafuta faida, na ni mwaka 1991 tu ndipo mlango huo ulipofunguliwa tena. Miaka michache baadaye, mwaka 1997, vikaanza vyuo vikuu vya udaktari visivyo vya serikali: kile alichokianzisha Profesa Hubert Kairuki hapo Mikocheni, na chuo cha KCMC cha Moshi kilicho chini ya Walutheri. Kisha, mwaka 2003, kikafuata cha Bugando, Mwanza, cha Wakatoliki. Haya ni maendeleo, na asiyeyaona ana choyo. Madaktari waliotoka katika vyuo hivyo wametutibu na wanatutibu. Asemaye kwamba daktari wa chuo cha binafsi ni daktari wa kununua hasemi haki, kwani mtihani wa anatomia hauna huruma na mtu kwa sababu baba yake ana fedha.

Lakini chuo cha binafsi kina hatari yake ndani ya moyo. Kijana aliyelipiwa na baba yake shilingi kwa shilingi huona kwamba hadaiwi na mtu. Mkulima wa korosho hakumlipia, kwa hivyo hana la kumwambia mkulima wa korosho. Hesabu hii yaonekana sawa, na wazee wengi huikubali. Mimi naiona ina pengo kubwa, nami nataka kulieleza kwa urefu kidogo.

Udaktari hausomwi kitabuni peke yake. Miaka miwili ya mwanzo kijana hukaa darasani na katika chumba cha maiti, lakini baada ya hapo hutolewa akapelekwa wodini, na wodi hiyo mara nyingi ni ya hospitali ya serikali, hata kama chuo ni cha binafsi. Vyuo vingi vya binafsi hupeleka wanafunzi wao katika hospitali za mikoa na za wilaya, kwa sababu huko ndiko waliko wagonjwa. Na wagonjwa wa huko ni nani? Tajiri ana chumba chake na pazia lake, na hapendi kuchezewa na wanafunzi. Alalaye katika kitanda cha wazi, akazungukwa na vijana kumi wenye makoti meupe, wa kwanza akamminya tumbo, na wa pili akamminya, na wa tatu akaambiwa na mwalimu, "Hapana, hapo sipo, jaribu tena," huyo ni maskini. Yamuuma, naye hustahamili.

Tulitazame hili kwa jicho la dini yetu. Mwili wa mtu una heshima, na utupu wake haufunuliwi ila kwa dharura. Mama mtu mzima, ambaye nje ya nyumba yake hatoki bila ya buibui, amekubali kufunuliwa mbele ya vijana wa rika la wajukuu zake ili wajue mtoto hukaaje tumboni. Stara aliyoitoa hapo haina bei. Hakuna ada ya chuo, ya Dar es Salaam, ya Nairobi wala ya Bara Hindi, iliyowahi kumfikia mkononi. Kijana wa chuo cha serikali na kijana wa chuo cha binafsi wamesimama upande huu na upande huu wa kitanda chake, na wote wawili watoka pale wakiwa na deni moja. Tena mwalimu anayewafundisha, mara nyingi hata wa chuo cha binafsi, yeye mwenyewe alisomeshwa na umma, Muhimbili au Makerere, ambako udaktari umefundishwa tangu mwaka 1924.

Kwa Kenya jambo hili lilionekana wazi zaidi. Mwaka 1998 Chuo Kikuu cha Nairobi kilifungua mlango wa wanafunzi wa kujilipia wenyewe, wakakaa darasa moja na wale waliopelekwa na serikali. Mwalimu ni mmoja, mgonjwa ni mmoja, ada ni mbili. Nani hapo ni wa umma na nani ni wa binafsi? Ukuta tunaoujenga katika maneno yetu, ukifika wodini huukuti.

Basi yule aliyelipiwa na baba yake ana madeni mawili, si moja: deni la mgonjwa maskini na deni la nyumbani. Na hili la nyumbani ndilo lenye kuvunja jamaa.

Fedha ya nyumbani hutoka katika njia tatu. Ikiwa baba au mama ana akiba yake ya halali, na nyumba haitalala njaa, na ndugu wengine hawatadhulumiwa, hapo hapana neno. Amsomeshe mwanawe na Mwenyezi Mungu ambariki. Njia ya pili ni mkopo, na hapa pana mambo ya riba. Mikopo ya Bodi ya Tanzania, iliyoanza kutolewa mwaka 2005, ilikuwa ikiongezwa asilimia 6 kila mwaka kwa jina la kulinda thamani ya fedha, na Waislamu wengi walikuwa wakinung'unika kwa hilo. Mwaka 2021 nyongeza hiyo ilifutwa, na hilo limewaondolea watu uzito mkubwa. Mkopo wa wanafunzi wa Kenya umekuwa na asilimia 4. Katika haya kila mtu na amuulize mwanachuoni anayemwamini, kwani hapa si mahali pa kutoa fatwa. Lakini mkopo wa biashara wa benki, wenye riba ya wazi, unaochukuliwa kwa kuweka rehani nyumba anamolala mama mzazi, huo sidhani kwamba wahitaji fatwa. Mtu huyo ataka kuingia katika kazi ya kuokoa nafsi za watu kwa mlango ambao Mola amekwisha kuutangazia vita.

Njia ya tatu ndiyo ya kawaida pwani, nayo ni kuuza. Chukua mfano wa mzee wa Tanga mwenye shamba la minazi, nyumba moja na watoto watano. Wa kwanza, mwanamume, amepata nafasi katika chuo cha binafsi. Mzee auza shamba. Wale wanne hawaulizwi. Wadogo hawafahamu, na wakubwa wanyamaza kwa heshima ya baba. Miaka mitano yapita. Mtoto wa tatu naye afuzu, na akitazamwa machoni aambiwa, "Fedha imekwisha, mwanangu, kaka yako atakusaidia." Kaka huenda akasaidia na huenda asisaidie, kwani ameoa, na mkewe naye ana ndugu.

Kisa cha Nuuman bin Bashir kimo katika vitabu vya hadithi vilivyo sahihi kabisa, na wengi wetu twakijua. Baba yake alimpa yeye zawadi, na mama yake akataka Mtume (S.A.W.) awe shahidi wa zawadi hiyo. Mtume akauliza kama watoto wengine nao wamepewa mfano wake. Alipoambiwa la, alikataa kushuhudia, akamtaka yule baba amche Mungu na afanye uadilifu baina ya wanawe, na baba akairudisha ile zawadi. Wanazuoni wa madhehebu ya Imam Shafi, ambayo ndiyo yetu tulio wengi katika pwani hii, wanasema kuwasawazisha watoto ni sunna, na kumpendelea mmoja bila ya sababu ni makuruhu. Imam Ahmad bin Hanbal aliona kusawazisha ni wajibu. Na wamesema vile vile kwamba haja yaweza kuwa udhuru, kama mtoto kuwa na maradhi, au ulemavu, au kushughulika na ilimu.

Huenda mzee wa Tanga akalishika hilo la mwisho akasema, "Basi mimi nina udhuru, mwanangu yuko katika ilimu." Ni kweli, anao. Lakini udhuru wa kumpa mmoja si ruhusa ya kuwasahau wanne. Njia iko, nayo ni nyepesi kuliko watu wadhanivyo: fedha hiyo isiwe zawadi, iwe ni deni. Qurani imetufundisha kuandika madeni na kuyashuhudisha, na imelieleza jambo hilo kwa urefu usio wa kawaida. Iandikwe kwamba shamba limeuzwa kiasi fulani, kwamba fulani bin fulani amekopeshwa na baba yake ili asomee udaktari, na kwamba atakapoanza kupata mshahara atalipa kidogo kidogo kwa kuwasomesha fulani na fulani. Watie saini ndugu waliobaleghe, na mashahidi wawili kutoka nje ya nyumba. Wako watakaosema kwamba kuandikiana baina ya baba na mwana ni kukosa mapenzi. Nimeona majumba mengi yaliyogombana kwa jambo lisiloandikwa, na sijaona bado lililogombana kwa kuwa liliandikwa vizuri.

Na katika mifano hii mtoto anayeuziwa shamba aghalabu ni mwanamume. Tulitazame na hili. Mume ampelekapo mkewe hospitali, neno la kwanza atakalouliza mlangoni ni kama yupo daktari mwanamke. Akiambiwa hayupo hukasirika, na huenda akamrudisha mkewe nyumbani, na wako waliokufa kwa kurudishwa huko. Lakini mtu yule yule, binti yake akipata nafasi ya udaktari katika chuo cha binafsi, husema, "Huyu ataolewa, kwa nini nitupe fedha?" Ataka daktari mwanamke awepo, ila awe binti wa mtu mwingine. Haya hayakubaliani. Ikiwa twaona ni bora wake zetu watazamwe na wanawake wenzao, basi kumsomesha binti udaktari ndilo jambo la mwanzo, kabla ya kulaumu hospitali.

Sasa tutazame deni la nyumbani lizaavyo likiachwa bila ya kusemwa. Kijana amemaliza miaka mitano, au sita ikiwa ni Kenya. Kisha kuna mwaka wa mafunzo ya utarajali, na baada yake kazi hazingoji mlangoni kama zamani. Mgomo wa madaktari wa Kenya wa mwaka 2024 ulichukua siku 56, na kiini chake kimoja kilikuwa ni hao hao vijana watarajali, wapelekwe wapi na walipwe nini. Nyumbani wazee wanahesabu: shamba liliuzwa, mbona mtoto haleti kitu? Akipata kazi, tuseme katika zahanati ya mtu, akiwa na mzigo huo mabegani, hapo shetani hana haja ya kuja na pembe. Huja na risiti. Mgonjwa wa homa aandikiwa vipimo sita ambapo viwili vyatosha. Mama ambaye angezaa mwenyewe aambiwa apasuliwe. Yule wa hospitali ya serikali anong'onezwa kwamba dawa hapa hakuna, lakini njoo jioni kwenye zahanati yangu. Kwa hiyo shamba la minazi la Tanga halikuuzwa mara moja. Lauzwa kila siku, na mnunuzi ni mgonjwa.

Hatusemi kwamba wa chuo cha serikali hafanyi hayo. Hufanya, tena bila ya hata udhuru wa shamba. Twasema kwamba mzazi anayemsomesha mwanawe kwa niya ya kuvuna amempa niya hiyo pamoja na ada, na asishangae akiiona inafanya kazi. Yafaa baba amwambie mwanawe kabla hajapanda basi: hili ulilolipiwa ni deni kwa ndugu zako, limeandikwa, utalilipa kwa mshahara wa halali hata likichukua miaka ishirini, na usilitafute mifukoni mwa wagonjwa.

Kuhusu ubora wa chuo tutapita upesi, kwani wajuzi wapo. Mzazi aulize mambo matatu: je, kozi yenyewe imekubaliwa na Tume ya Vyuo Vikuu, je, Baraza la Madaktari litamsajili mwenye shahada hiyo, na je, chuo kina hospitali yenye wagonjwa wa kutosha. Mwaka 2017 Tume ya Tanzania ilivizuia vyuo 19 kuchukua wanafunzi wapya, na wazazi waliotazama uzuri wa majengo tu walishikwa na fadhaa. Jengo zuri bila ya wagonjwa ni kama madrasa yenye zulia jipya na haina mwalimu.

Wako wanaoogopa kuwapeleka watoto Moshi au Mwanza kwa kuwa vyuo hivyo ni vya makanisa. Wana haki ya kuuliza habari za swala, za Ijumaa na za chakula. Lakini kuchukua ilimu ya tiba kwa asiyekuwa Muislamu si jambo geni katika historia yetu. Hunayn bin Ishaq, aliyefariki mwaka 873, ndiye aliyewafasiria watu wa Baghdad vitabu vya Galeni, naye alikuwa Mkristo. Na mwenye kutaka chuo cha Kiislamu, Chuo Kikuu cha Kiislamu cha Uganda, kilichoanzishwa Mbale mwaka 1988, sasa chasomesha udaktari Kampala.

Wengine hukimbilia nje, na Khartoum ilipendwa sana na watu wetu, kwa lugha na kwa dini. Vita vilipolipuka huko Aprili 2023, wanafunzi walirudishwa kwao na mabegi ya mkononi, na baadhi ya wanafunzi wa udaktari waliokuwa wakisoma Khartoum walipokewa Muhimbili ili wasikatikiwe na mafunzo ya wodini. Tazama jambo hili: chuo cha binafsi cha nchi ya mbali kimefungwa na mizinga, na aliyefungua mlango ni hospitali ya umma, kwa vitanda vya wagonjwa wale wale tuliowataja.

Kama mtu ataniuliza rai yangu, nitamwambia hivi. Aliyepata cha serikali asikiache kwa kutafuta jina. Aliyekosa, na kwao wana uwezo bila ya riba na bila ya dhulma, aende cha binafsi na asione haya. Aliyekosa na kwao hawana ila paa la nyumba, asiuze paa. Asome stashahada ya utabibu kwa miaka mitatu, afanye kazi, kisha aombe tena udaktari akiwa na chake mkononi. Wako waliofika kwa njia hiyo, na mgonjwa wa Kibiti au wa Lamu ambaye hana mwingine ila tabibu hajali kwamba huyu si daktari kamili.

Lakini rai hii yamwachia mzigo mzazi mmoja mmoja, na kwa hakika si wake peke yake. Kuwa na waganga ni faradhi kifaya. Wakipatikana wa kutosha, wote tumesalimika. Wasipopatikana, wote tuna dhambi, hata asiyekuwa na mtoto. Imam Ghazali, katika Ihya, aliwalaumu watu wa zama zake kwa jambo hili hili: miji mizima haina mganga ila wasiokuwa Waislamu, na huku wanafunzi wanasongamana katika fiqhi na mabishano yake, mahali ambapo tayari pana watu tele. Ikiwa faradhi ni ya wote, kwa nini ada iwe ya mzee mmoja wa Tanga?

Wazee wetu katika Uislamu hawakuwa na mambo mawili tu, la mtawala na la mtu binafsi. Walikuwa na la tatu, nalo ni wakfu. Hospitali ya Nuri ya Damascus ilijengwa katika mwaka 1154, ikawa mahali pa kutibia na pa kufundishia. Ile ya Mansuri ya Cairo, aliyoijenga Sultani Qalawun mwaka 1284, iliendeshwa kwa mapato ya mali iliyowekwa wakfu, na tajiri na fukara, mwanamume na mwanamke, walitibiwa humo bila ya kutoa kitu. Na madaktari wenyewe hawakuwaachia masultani kazi hiyo. Al-Dakhwar, mganga mkubwa wa Damascus aliyefariki mwaka 1230, aliifanya nyumba yake kuwa skuli ya udaktari, akaiwekea mali ya kuwalipa walimu na kuwalisha wanafunzi. Ibn al-Nafis, yule aliyeeleza jinsi damu ipitavyo katika mapafu, alipofariki mwaka 1288 aliiachia hospitali ya Mansuri nyumba yake na vitabu vyake. Hata hapa kwetu, Sewa Haji, tajiri wa Kihindi wa Bagamoyo aliyefariki mwaka 1897, alitoa mali yake ijengwe hospitali Dar es Salaam, na jina lake bado limo katika jengo moja la Muhimbili.

Pwani yetu haikosi wakfu. Imejaa nyumba, minazi na viwanja vilivyowekwa wakfu kwa ajili ya misikiti, visima na kuwasomea maiti khitma. Ni nadra kusikia ulio kwa ajili ya kumsomesha daktari. Mji wenye misikiti kumi hauhitaji mali ya ajabu kwa kazi hiyo. Nyumba mbili za kupangisha zikikusanya kodi yake zaweza kumchukua mwanafunzi mmoja mpaka amalize, na akimaliza huchukuliwa mwingine. Mwenye kuweka wakfu ana haki ya kuweka sharti: kwamba atangulizwe binti, au yatima wa kweli, au mtoto wa visiwani, kwamba atakayesomeshwa atatibu bure siku mbili kwa wiki katika zahanati ya mtaa kwa miaka kadhaa, na kwamba asipofanya hivyo, alichotumia ni deni la wakfu juu yake. Zanzibar ipo Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana, na Mombasa wapo Makamishna wa Wakfu. Mwenye nyumba ya ziada na aende akawaulize namna ya kuliandika sharti kama hilo, angali na afya yake na warithi wake wote wapo mjini.